Rufaa ya Yona na Mtihani Wangu wa Kiingereza

Mliniomba, siku nilipokuwa nakusanya vitu vyangu ofisini, niwaandikie jinsi nilivyojiandaa kwa mtihani wa sifa ya utafsiri, kwa sababu watatu kati yenu mnaukabili mwakani na mmoja ameshaufeli mara mbili. Naandika. Lakini siwezi kueleza mtihani ule nikamwacha Yona, kwa hiyo mtakaosoma mkitafuta mbinu tu, mnivumilie. Mbinu zipo.

Baba yangu alikuwa Mgogo wa Kilimatinde, mwalimu wa dini. Mama yangu alikuwa Mnyaturu wa Issuna. Nyumbani tulisali kwa Kiswahili, tuligombezwa kwa Kinyaturu na wageni tuliwapokea kwa Kigogo. Nilipoajiriwa kupiga chapa mahakamani, haikupita wiki hakimu akaniondoa mbele ya mashine na kunisimamisha kando ya kizimba, kwa sababu mkalimani wa Kigogo alikuwa amefiwa na shahidi alikuwa ameshafika.

Shahidi huyo alikuwa mzee mwenye fimbo. Nikamwamkia, nikamwambia aseme jina lake. Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema neno refu kwa Kigogo.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, anauliza mimi ni mtoto wa nani."

"Mjibu, tuendelee."

Nikamjibu. Akauliza babu yangu ni nani. Nikamjibu hilo pia. Akauliza kama ni yule babu aliyeoa kule chini bondeni au ndugu yake. Hakimu akaweka kalamu mezani. Tulipofika kwenye ng'ombe waliomleta shahidi mahakamani, jua lilikuwa limeshapanda. Nilijifunza siku ile kwamba kwa wazee wetu ushahidi hautolewi kwa mtu asiyejulikana kwao, na tangu hapo nilianza na kila shahidi mzee kwa kujitambulisha mwenyewe. Iliokoa muda mwingi.

Ninyi mmekuta Kiswahili kimeshika nafasi yake mahakamani. Miaka ile shahidi alisema kwa lugha yake au kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na hukumu ikatoka kwa Kiingereza. Mtu aliulizwa kosa lake kwa lugha moja na kufungwa kwa nyingine. Kati ya lugha hizo mbili tulisimama sisi wachache, wengi wetu vibarua bila cheti. Ndipo likaja agizo kwamba asiye na cheti cha utafsiri hataendelea. Mtihani ungefanyika Dodoma, na sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza: msamiati, sarufi, na kutafsiri nyaraka mbili za kisheria kwenda na kurudi.

Aliyenifundisha ni Mzee Hamisi, mtafsiri wetu mkuu, mtu wa Singida mjini, mtoto wa wafanyabiashara, ambaye alikuwa amejifunza Kiingereza kwa kusoma majalada ya marehemu. Alisema majalada hayo hayana haraka. Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, yeye akiwa ametoka msikitini na mimi nimetoka kusali nyumbani kwangu, tulikutana masjala, chumba kile cha mafaili chenye harufu ya vumbi na panya. Alinipa maneno kumi na tano. Niliyaandika nyuma ya orodha za mashauri ya mwezi uliopita, maana karatasi safi hazikuwapo. Jioni nilitakiwa kurudisha kila neno ndani ya sentensi, na sentensi hiyo itokane na kesi iliyosikilizwa wiki ile.

"Usiniletee paka aliyelala mkekani," alisema. "Sisi hapa hatuna paka. Niletee mshtakiwa."

Nikiingiza neno mahali pasipostahili, aliuliza kwa upole, "Binti yangu, Kiingereza hiki umekitoa wapi, kwenye mfuko wa unga?" Hakupiga kelele hata siku moja. Nawashauri njia hii mpaka leo: neno mkilifunga kwenye jambo mliloliona kwa macho halitoroki.

Tatizo lilikuwa mazoezi ya nyaraka. Vitabu vya mazoezi hatukuwa navyo. Tulichokuwa nacho ni watu, waliokuja kila siku na barua zao, maombi yao, hoja zao za rufaa, wakitaka ziandikwe kwa Kiingereza ziende mbele. Mtumishi wa mahakama hakuruhusiwa kumwandikia mwenye kesi. Sote tuliandika, na hakimu alitazama pembeni, kwa sababu nani mwingine angewaandikia? Hizo ndizo zilizokuwa madaftari yetu. Rasimu ya kwanza kwa penseli, Mzee Hamisi akaisahihisha. Ya pili kwa wino, akaisahihisha. Ya tatu kwa mashine. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyofundisha, na watu walisubiri wakidhani kusubiri ndiyo sheria.

Yona alikuwa kijana wa kijiji kimoja chini ya Kilimatinde. Alishtakiwa kwa wizi wa fahali, akafungwa miaka saba. Mimi ndiye niliyetafsiri kesi ile tangu siku ya kwanza. Mwenye fahali alisema kwa kiapo kwamba ng'ombe wake wote wamekatwa alama kwenye sikio la kushoto. Fahali aliyekamatwa kwa Yona na kuletwa uwanjani mwa mahakama alikuwa amekatwa sikio la kulia. Nililiona, nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Hukumu haikusema lolote juu ya masikio.

Mama Yona alikuja ofisini mvua zilipopungua, viatu mkononi. Nikamsalimu, "Mbukwa," akaitikia, akakaa chini ingawa benchi lilikuwepo. Akafungua kitambaa na kutoa nakala ya hukumu.

"Walimpa mwanangu huko gerezani, naye akanipa mimi nilipokwenda kumwona," alisema. "Wameniambia wewe unajua Kiingereza cha wakubwa. Amekwisha kuwaambia askari kwamba anakata rufaa. Sasa wanataka maneno."

"Nitayaandika, mama."

"Anakohoa," akasema. "Andika na hilo."

"Hilo halihusu rufaa, mama."

"Linanihusu mimi."

Nilizisoma karatasi zile na, nisiwafiche, nilifurahi. Zilikuwa sawasawa na kile ambacho mtihani ungeuliza. Hoja ya rufaa ya jinai, yenye ushahidi wa kupingana, yenye vielelezo. Nikamwonyesha Mzee Hamisi, naye akasugua mikono. "Hii," alisema, "ukiiweza hii, Dodoma watakupa cheti kabla hujakaa."

Hoja yenyewe ingekaa katika mistari minne. Mlalamikaji alisema kushoto, mnyama alikuwa kulia, hakimu hakulizungumzia, tunaomba hukumu itenguliwe. Kijana yeyote kati yenu angeiandika kabla chai haijapoa. Mimi niliandika kurasa sita. Niliweka maneno yote ya kumi na tano kumi na tano. Mrufani hakuwa mtu aliyefungwa, alikuwa *aggrieved*, yaani aliyeumizwa na uamuzi. Nilifanya mazoezi ya kauli ya kutendwa mpaka hakuna mtu aliyefanya jambo lolote katika kurasa sita nzima. Mambo yalifanyika yenyewe. Mzee Hamisi alisahihisha kwa wino mwekundu, nikaandika upya. Akasahihisha tena, nikaandika upya. Rasimu tatu zikawa tano, tano zikawa saba.

Mama Yona alirudi mara mbili. Mara ya kwanza alichungulia mlangoni.

"Mwanangu, bado tu?"

"Bado, mama. Inasafishwa."

"Haya," akasema, akaondoka akirudi kwao kwa miguu mpaka barabara kuu. Mara ya pili hakuuliza. Alikaa tu chini pale nje, akanisubiri nitoke kwenda kula, akanitazama usoni, akajua. Alinipa mayai matatu yaliyofungwa kwenye majani. Nilijaribu kukataa. Alisema ukimpa mtu kazi na tumbo tupu anakosea.

Sheria ilitoa siku arobaini na tano, bila kuhesabu siku za kungoja nakala ya hukumu. Nilizijua kama ninavyojua Baba Yetu. Nilizihesabu kuanzia siku Mama Yona alipofungua kitambaa mezani kwangu, na kwa hesabu hiyo nilikuwa na nafasi tele. Siku nilipopiga chapa rasimu ya saba na kuipeleka masjala isajiliwe safari ya Mahakama Kuu, Dodoma, Mzee Hamisi aliichukua nakala ya hukumu aiambatanishe. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Umehesabu kuanzia wapi?"

"Siku aliyoileta."

"Aliyoileta nani?"

"Mama yake."

Aliweka kidole juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Pale palikuwa na tarehe, kwa wino wa zambarau, ya siku mfungwa alipokabidhiwa nakala yake. Mto ulikuwa umejaa, Mama Yona alikaa nayo nyumbani karibu wiki tatu akisubiri njia ifunguke. Mimi niliyekuwa nawinda kosa la herufi katika ukurasa wa tano sikuwahi kutazama juu ya ukurasa wa kwanza. Muda ulikuwa umepita siku nane. Rasimu ya tatu ingewahi.

Mlango wa kurudi ulikuwepo. Mtu aliyechelewa angeomba Mahakama Kuu imrefushie muda, akitoa sababu. Sababu ilikuwa mimi. Kwa hiyo mimi nilitakiwa kuapa, kwa hati yenye jina langu, kwamba niliishika karatasi ya mfungwa na kuichelewesha. Na kuapa hivyo kulikuwa kukiri kwamba mtumishi wa mahakama aliwaandikia wenye kesi. Mtihani ulikuwa wiki tatu mbele. Jina langu lilikuwa limeshapelekwa na hakimu, na angeweza kuliondoa kwa barua moja.

Mzee Hamisi alifunga mlango wa masjala. Alizeeka mbele yangu.

"Ukiapa leo, hufanyi mtihani," alisema. "Usipofanya mtihani, huna kazi. Wagogo wa wilaya hii watasimama kizimbani na nani? Ngoja wiki tatu. Fanya mtihani, rudi, uape. Wiki tatu kwa mtu wa miaka saba ni nini?"

Alikuwa mtu mwema kuliko wote niliofanya nao kazi. Sisemi hivi kumtwika lawama. Alisema kile nilichokuwa nimeshakiamua, nami nikamshukuru kwa kukisema yeye.

Nikasoma kwa bidii wiki zile kuliko wakati wowote. Nilipiga magoti kila asubuhi. Nilimwomba Mungu nifaulu, na sikumtaja Yona katika sala zile, kwa sababu ningemtaja ningelazimika kusimama na kwenda kuapa. Nimesoma dini tangu utoto, nimefundisha kipaimara miaka mingi, na nawaambia sijapata kuona ukimya mzito kama ule wa mtu anayesali akiruka jina moja. Nilikwenda Dodoma kwa basi. Karatasi ya pili ilikuwa hoja za rufaa ya jinai. Niliiandika bila kuinua kalamu. Nilifaulu. Wapo wanaodhani kujibiwa maombi ni jambo la furaha tu.

Siku niliyorudi, kabla sijavua viatu vya safari, niliandika hati ya kiapo na kuipeleka kwa hakimu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa barua ya kujieleza, kwa kufukuzwa. Aliisoma akiwa anakunywa chai.

"Ndiyo hivyo?" akauliza.

"Ndiyo hivyo, mheshimiwa."

"Mngejua mambo ninayoyaona," akasema. Akatia sahihi, akanirudishia. "Peleka, na siku nyingine tazama tarehe."

Ikawa imekwisha. Jambo nililoliogopa wiki tatu halikuchukua hata muda wa kikombe kile.

Kisha nikaenda kumwambia Mama Yona. Nilipanda lori la mnadani mpaka njia panda, nikatembea. Alikuwa anapembua ulezi. Nilimweleza yote, kwa Kigogo, bila kupunguza. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Ulikuwa unasafisha nini?" akauliza.

"Kiingereza, mama."

"Kilikuwa kichafu?"

Aliendelea kupembua. Baadaye aliniuliza kama nimekula.

Mahakama Kuu ilikubali kurefusha muda. Rufaa ikapangiwa siku. Safari hii niliituma ile ya mistari minne. Siku ya kusikilizwa ilipofika, askari magereza alisimama na kumweleza jaji kwamba mrufani alifariki hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu, siku kumi na tisa zilizopita. Wiki tatu ni siku ishirini na moja. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi mno, wala siwaombi mnisaidie.

Mrufani akifa, rufaa ya kifungo hufa naye. Amri iliyotoka ilikuwa na sentensi mbili za Kiingereza. Mama Yona aliniletea zikiwa kwenye kitambaa kilekile. Walikuwa wanakaribia kumaliza msiba, wazee wa pande zote wangekutana, na watu wa mwenye fahali pia wangekuja. Alitaka karatasi isomwe mbele yao kwa lugha yao. Alikuwa na mabinti wawili ambao hawajaolewa, na nyumba ambayo watu walishaanza kuiita ya wezi. Hiyo ikawa hati ya kwanza niliyoitafsiri nikiwa na cheti. Nilimsomea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Pale wanaposema hakuiba, ni wapi?"

"Hawajasema, mama. Haikufika kusikilizwa."

"Basi andika wewe. Wewe ulimwona yule fahali."

"Mama, siwezi kuongeza. Mtafsiri haongezi."

"Kurasa sita uliongeza," akasema. Hakusema kwa ukali. Alitaka tu kuelewa.

Sikuongeza. Mpaka leo naamini sikukosea katika hilo, na imani hiyo haijawahi kunipa usingizi mzuri. Lakini siku ya kumaliza msiba nilikwenda. Wazee walikuwa wamekaa kwenye vigoda, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na mwenye fahali alikuwepo, mzee mfupi mwenye shuka jeusi. Nikajitambulisha kwanza, mtoto wa nani, mjukuu wa nani. Nikasoma amri ile kwa Kigogo kama ilivyo, sentensi mbili. Nikaikunja. Kisha nikasema kwamba kilichosalia hakimo kwenye karatasi, ni changu. Nikasema nilisimama karibu na fahali yule na sikio lililokatwa lilikuwa la kulia. Nikasema mlalamikaji aliapa ni la kushoto, na ni mimi niliyeyatoa maneno hayo kinywani mwake na kuyapeleka kwa hakimu. Nikasema rufaa ilichelewa mkononi mwangu, si mkononi mwa mama huyu, kwanza kwa kujipendeza na baadaye kwa woga.

Mwenye fahali aliinama, akawa anachora ardhini kwa ncha ya fimbo. Mwishowe alisema, bila kuinua uso, "La kushoto ndilo alama yetu. Hilo ni kweli." Hakusema zaidi, na hakuna aliyemlazimisha.

Ndugu yake mkubwa ndiye aliyenigeukia mimi.

"Tumekusikia, binti wa Kilimatinde," alisema. "Umesema vizuri. Lakini haya ungeyasema kijana yuko hai."

Nilibaki nimesimama. Wanawake walikuwa wameshaanza kupakua ugali. Ndipo Mama Yona aliponyanyuka upande wao, akaja na jagi la maji na beseni, akasimama kati yangu na yule mzee.

"Amesema," aliwaambia. "Mwacheni ale."

Akanimwagia maji mikononi.